Nchi ya Wamaliziaji

Nchi yenyewe tumeombwa tusiitaje jina, na sisi ni watu wa kuombeka. Itoshe kusema kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo wa beti sita, na ina wizara thelathini na tisa, mojawapo ikishughulika na kuhesabu wizara.

Katika nchi hiyo kura zilikuwa zimefutwa, tena kwa nia njema kabisa. Wataalamu walijifungia hotelini siku kumi na nne wakagundua kwamba karatasi za kura huliwa na mchwa, masanduku hupotea njiani, na mwananchi akiachwa peke yake na kalamu anaweza kuandika chochote. Ndipo ikatungwa Sheria ya Umaliziaji. Ni sheria nyepesi, hata aliyelala anaielewa: kiongozi huanza neno, wananchi hulimalizia. Kiongozi akisema, "Maendeleo hayana cha...?" na umma ukaitikia, "Maaa!", basi hoja imepita. Msajili wa Sauti za Wananchi anagonga muhuri, na watu wanarudi makwao kabla wali haujapoa. Anayenyamaza huhesabiwa kuwa amemalizia kimoyomoyo.

Mtaa uliosifika kuliko yote kwa kumalizia ulikuwa Mtaa wa Ng'ambo, ulio ukingoni mwa Mto Kitope. Watu wa Ng'ambo walikuwa wamelichukua Kombe la Umaliziaji miaka mitatu mfululizo. Walimalizia kwa pamoja, bila kuachana hata kidogo, na mara nyingine walimaliza neno kabla kiongozi hajaamua anataka kusema nini. Wageni walitoka wilaya za mbali kuja kujifunza wanafanyaje.

Siri yao ilikuwa inakaa nyumba ya tatu kutoka mtoni. Iliitwa Mwalimu Stumai, mwanamke wa miaka sitini na minane, mwenye miwani ya kamba, aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Karibu kila mtu mzima wa mtaa ule alikuwa amepita mikononi mwake. Naye aliwafundisha kama alivyofundishwa yeye. "Ng'ombe ana miguu mi...?" "Nneee!" "Jua huchomoza masha...?" "Rikiii!" Aliyemalizia kwa sauti kubwa alipigiwa makofi ya kilo. Aliyeuliza kwa nini jua lisichomoze kwingine alitumwa kumwagilia bustani.

Sasa Mwalimu alikaa barazani kwake akisikiliza mikutano ya hadhara kutoka mbali, na kila "maaa!" ilimchoma kama mwiba. Wanafunzi wake wale. Sauti zao alizijua moja moja, hata zilipokuwa zimekomaa na kuota ndevu. Aliwaonea haya. Ndugu zake wa mjini walipomuuliza siku hizi anakaa wapi, alijibu, "Karibu na hospitali," ingawa kati yake na hiyo hospitali palikuwa na mto mzima.

*

Chukua mambo ya paa la soko. Serikali ilikuwa imejenga uwanja wa kupokelea wageni wa taifa, ikasahau kuuezeka. Ikaonekana kwamba soko la Ng'ambo lina paa zuri. Mkutano ukaitishwa, ofisa akasema, "Soko lisilo na paa ni soko la kisa...?" Umma ukanguruma, "Saaa!" Mabati yakaondoka siku hiyo hiyo, yakisindikizwa na ngoma.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha. Siwema, jirani wa Mwalimu upande wa michongoma, aliyekuwa akiuza vitumbua, alirudi na gunia la unga wa mchele lililogeuka uji. Mwalimu alikuwa akimsubiri kwenye ua kwa hamu ambayo, tukisema kweli, haikuwa ya huruma.

"Siwema, paa la soko lilikuwa la nani?"

"Letu, Mwalimu. La nani tena?"

"Na sasa liko wapi?"

"Uwanjani, linawakinga wageni."

"Na unga wako?"

"Umelowa." Siwema akaukamua ukingo wa kanga. "Lakini wageni wa taifa wakinyeshewa, Mwalimu, sisi tutaficha wapi nyuso zetu?"

"Wageni gani? Umewaona hata mmoja?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakija wasikute hakuna paa."

"Mwenyeji apone! Umepona wewe? Hebu jitazame. Na mvua hii utasemaje?"

Siwema akatazama mawingu, akashusha sauti. "Hii mvua, Mwalimu, wanasema imetumwa."

Mwalimu Stumai aliingia ndani akafunga mlango. Aliketi kitandani akasema peke yake maneno ambayo kwa miaka thelathini na minne aliwakataza watoto kuyasema. Vichwa vya nazi! Sikio la kufa halisikii dawa. Waache walowe, waache wakauke, si ndivyo wanavyotaka? Kisha akaona haya kwa kuwaombea mabaya watu aliowafundisha kushika penseli, akatoka akampelekea Siwema kibaba cha unga mkavu.

*

Mwaka huohuo Mtukufu Kiongozi alizuru nchi ya mbali, akaona mji wenye daraja la kupendeza, watu wakipigana picha juu yake. Aliporudi akauliza: la kwetu liko wapi? Wataalamu wakachunguza wakabaini kwamba makao makuu hayakuwa na daraja kwa sababu ya tatizo dogo la kiufundi, nalo ni kukosa mto. Baraza la Mawaziri likaazimia kwamba daraja litangulie, mto ufuate katika awamu ya pili.

Tume ikazunguka nchi nzima kutafuta daraja linalofaa. Likapatikana la Ng'ambo. Lilikuwa daraja la chuma na mbao za mninga, hatua hamsini kwa urefu, lililojengwa na mababu wa mtaa ule kwa kubeba mawe vichwani. Soko lilikuwa ng'ambo yake, mashine ya kusaga vilevile, na hospitali. Kila Jumatatu na Alhamisi Siwema alimvusha hapo mumewe, Mzee Kibwana, akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kwenda kusafishwa kidonda cha mguu. Kilikuwa kidonda cha sukari, cha mwaka wa pili. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiruka wiki mbili tu, mguu hana.

Habari ililetwa na Balozi Mgaya, mjumbe wa nyumba kumi, mtu mwema ambaye kofia ya chama alikuwa halali bila kuivaa.

"Ndugu zangu, limechaguliwa!" alisema huku machozi yakimlengalenga. "Kati ya madaraja yote ya nchi hii, limechaguliwa letu. Linakwenda makao makuu!"

Vigelegele vikapasuka. Siwema ndiye aliyevianza. Watu wakakumbatiana kama waliofaulisha mtoto. Wanawake wakaenda kulifunga daraja vitenge, ili lisiende mjini uchi.

Mzee Kibwana, ameketi kwenye kigoda mguu ukiwa juu ya tofali, akainua kidole. "Balozi, sikatai. Ila mimi na mguu huu Jumatatu nitavukaje?"

Balozi Mgaya akafungua daftari lake, akasoma. "Utavuka kizalendo."

"Kizalendo ndiyo vipi?"

"Itatolewa semina. Halafu msidhani serikali imetusahau. Hapa mtoni itasimamishwa picha ya daraja, ukubwa uleule, rangi zote. Mtu akilikumbuka, anakuja anatazama."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Stumai akashindwa kuvumilia. "Jamani, nyie mna akili kweli? Mtakwenda hospitali kwa kupita juu ya picha?"

Wakamtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mzazi aliyeanza kusahausahau.

"Mwalimu," akasema Balozi kwa upole, "wivu si mzuri."

*

Alhamisi Siwema akamletea Mwalimu vitumbua vitatu, kama ilivyokuwa desturi yake akirudi hospitali. Vilikuwa vimefungwa kwenye ukurasa wa Sheria Mama. Serikali ilikuwa imegawa kitabu hicho bure kila nyumba, ili wananchi wajue haki zao, na wauza vitumbua wote walikisifu: karatasi yake ililamba mafuta kuliko gazeti lolote.

Mwalimu alikula kimoja, akaangaza ukurasa juani. Mafuta yalikuwa yameufanya uonyeshe maandishi ya pande mbili, lakini kifungu cha tisa kilisomeka. *Neno litakalomaliziwa na umma ndilo litakalokuwa uamuzi wa umma, na halitarekebishwa na mtu yeyote wa cheo chochote.*

Akakisoma mara tatu. Kwa kawaida hoja kubwa huulizwa kwa neno moja, na neno hilo huanza hivi: "Tume...?" Tangu sheria itungwe umma ulikuwa ukiitikia "kubaliii!", na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba neno lilelile linaweza kwenda njia nyingine. Lakini "tume" haikumalizikia hapo peke yake. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona hilo. Tume-kataa.

Alivuka michongoma bila viatu. Alimkuta Siwema amepiga magoti ukumbini, bandeji imefunguliwa, anamwosha mumewe kidonda kwa maji ya chumvi. Harufu ilikuwa nzito. Mzee Kibwana alikuwa ametazama ukutani.

"Nilipiga vigelegele, Mwalimu," akasema Siwema bila kugeuka. "Nikaja hapa nikafungua bandeji hii. Nikajiuliza nilikuwa namshangilia nani."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mwalimu Stumai jambo lililomfurahisha namna ile. Akamwonyesha ukurasa.

Kwa siku nne, saa kumi alasiri, darasa la kwanza likafunguliwa tena uani kwa Mwalimu. Alianza Siwema, akaja fundi wa viatu, wakaja wasaga nafaka, mpaka watu wakajaa mikekani na wengine wakakaa juu ya ukuta. Hata Balozi Mgaya alikuja, ameificha kofia kwapani. Mkwewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Tume...?" akauliza Mwalimu.

"Kubaliii!"

"Hapana. Sikilizeni. Tume...?"

"Kubaliii!"

"Nyie! Balozi, wewe peke yako. Tume...?"

Balozi akatokwa jasho. "Ku... ka... Mwalimu, ulimi unateleza."

Siku ya kwanza walipata aibu. Siku ya pili wakapata "ka". Siku ya tatu neno zima likatoka, dogo na la woga, watu wakageuka kutazama kama kuna aliyesikia. Siku ya nne walisema "kataaa!" hata kuku wakakimbia, wakacheka wote, na Mzee Kibwana akagonga kigoda kwa fimbo yake. Mwalimu aliwatazama akawapenda. Lakini moyoni, tusimfiche, aliwaza pia: ona, hata vichwa vya nazi vikipata mwalimu hufunguka.

"Na tukibabaika mbele ya Mheshimiwa?" akauliza Siwema.

"Mkibabaika, nitazameni mimi," akasema Mwalimu. "Mimi nitakapokwenda, nifuateni."

*

Siku ya mkutano alifika Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ngwenje, Waziri wa Madaraja, Mito na Yote Yapitayo Kati Yake. Msafara wake ulikuwa mrefu hivi kwamba gari la mwisho lilifika wakati la kwanza limeshaondoka. Alihutubia saa mbili. Alieleza kwamba daraja likikaa mahali pamoja muda mrefu huzeeka kimawazo. Alieleza kwamba mataifa makubwa yote yalianza kwa kukosa kitu. Watu wa Ng'ambo walisimama wamebana midomo, kila mmoja amelishika neno lake, na Msajili wa Sauti, aliyezoea kuusikia mtaa ule ukimalizia hata salamu, alikuwa ameanza kutikisa chombo chake cha kupimia sauti akidhani kimeharibika.

Waziri akaona. Mtu hawi waziri bure. Macho yake yakapita juu ya umati yakatua kwenye miwani ya kamba.

"Subirini kwanza," akasema. "Yule si Mwalimu wangu?"

Kweli alikuwa Mwalimu wake. Ngwenje alikaa darasa la kwanza miaka miwili kwa sababu ya "b" na "d", ambazo mpaka leo, wanasema, huandikiwa.

"Mwalimu amesimama juani na mimi nimekaa kivulini? Nchi gani hii? Leteni kiti!"

Kikaletwa kiti cha jukwaani, kikubwa, chenye mto mwekundu wa mahameli. Askari wawili wakamshika Mwalimu Stumai mikono, taratibu, kama yai, wakampandisha. Akaketi. Shule ilikuwa imempa kiti cha mbao kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu walimpa saa ya ukutani isiyotembea. Mto ule ulimpokea viungo vyote vilivyokuwa vikiuma, hata ambavyo hakujua kwamba vinauma.

"Bila mama huyu," Waziri akanguruma, "mimi leo ningekuwa mji...?"

Umati ukasita. Hilo halikuwa neno lao la mazoezi. "Ngaaa," wakasema kwa adabu.

"Ningekuwa mjinga! Kila nilichonacho amenipa yeye." Waziri akatoa kitambaa akajifuta jicho moja, lililokuwa upande wa wapigapicha. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, "Shikamoo, Mwalimu. Hapa mtaani tunaleta shule mpya. Nimewaambia itaitwa Shule ya Msingi Mwalimu Stumai. Hawakutaka, nimepigana nao."

"Marahaba, baba," akasema Mwalimu. Hakujua alisema "baba" kwa nini.

Waziri akainuka. "Leo siulizi mimi. Mwanafunzi haulizi mbele ya mwalimu wake. Atauliza Mwalimu mwenyewe!" Akamwekea kipaza sauti mkononi.

Sasa hapa lazima tuseme polepole, maana ndipo palipo na jambo. Mwalimu Stumai alikuwa na neno mdomoni, na nchi nzima ilikuwa kimya ikimngoja. Sheria haikusema neno lianzwe mpaka wapi. Angesema "Tume...?" kama walivyojifunza, watu wangemalizia. Angesema "Tumeka...?" wasingekosea hata wangetaka. Hakukuwa na bunduki iliyomwelekea. Askari waliomshika mikono walikuwa wamerudi nyuma, mmoja anapiga miayo. Aliwaona majirani zake wote kutoka juu, jambo ambalo hakuwahi kulipata: Balozi bila kofia, Siwema ameshika usukani wa baiskeli, Mzee Kibwana nyuma yake na mguu umefungwa kitambaa cheupe. Walikuwa wamemkodolea macho yeye, kama alivyowaagiza. Walionekana wadogo. Mto ulikuwa laini. Kwa mawazo akaliona jina lake kwenye bao la shule, herufi kubwa, za bluu.

"Tumeku...?" akasema.

Watu wakatazamana. Midomo iliyokuwa imeshafunguka kwa neno jingine ikabaki wazi. Kisha sauti ya Siwema ikatoka, nyembamba, "bali," na nyuma yake mtaa mzima, "baliii", kwanza wachache, kisha wote, mpaka ikawa nguvu ileile ya makombe matatu.

Mtu mmoja tu hakwenda nao. Kutoka nyuma ya baiskeli Mzee Kibwana alisema wazi, "Choka." Tumekuchoka. Msajili wa Sauti akamtazama Waziri, akainamia karatasi yake, akaandika: kikohozi.

*

Daraja likang'olewa kwa ustadi. Kila ubao uliandikwa namba, na namba zikaoshwa na mvua njiani. Makao makuu likaunganishwa upya kadiri ilivyowezekana, likalazwa juu ya nyasi za bustani, na wageni wa taifa wakapanda upande huu wakashukia upande ule. Wote walikiri kwamba ni daraja imara, kwani halikuwahi kusombwa na maji.

Picha nayo ikaletwa, kama ilivyoahidiwa. Bahati mbaya mpigapicha alikuwa amechelewa, akafika daraja limeshaondoka, akapiga hivyohivyo. Kwa hiyo ukingoni mwa Mto Kitope likasimama bango kubwa lenye picha nzuri sana ya Mto Kitope.

Bao la shule lilifika pia: SHULE YA MSINGI MWALIMU STUMAI, herufi za bluu. Shule yenyewe haikufika. Bao likachimbiwa kwenye uwanja mtupu nyuma ya msikiti, na watu wakaona ni pazuri pa kuanikia nguo. Kila alipopita, Mwalimu aliliona jina lake likichungulia kati ya mashuka. Akaanza kupita njia ya mbali. Alikuwa na wengi wa kuwakwepa, na mbaya zaidi ni kwamba hakuna aliyemnunia. Walimwamkia vilevile. Balozi Mgaya alimpisha kwenye foleni ya maji akisema, "Mwalimu ana upeo, sisi hatuoni mbali." Angalau wangemtemea mate angejua la kufanya.

Masika yakaja. Siwema alimbeba mumewe mgongoni mara tatu, maji yakiwafika kiunoni, na mara tatu maji yaliingia kwenye kidonda. Halafu mto ukajaa, ikapita wiki, ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Ulipopungua, hospitali wakaukata mguu juu ya goti.

*

Mwalimu Stumai alikwenda kumwona siku ya tano baada ya kurudishwa. Alikuwa amepika uji wa ulezi, akaubeba kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwalimu," akasema Mzee Kibwana kutoka kitandani. "Karibu sana. Nimepungua kidogo."

Alicheka mwenyewe, akafumba macho. Mwalimu aliuweka uji karibu na kitanda, akatoka uani. Siwema alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi, kwa sababu vitumbua vilikuwa lazima vipikwe, mguu uwepo usiwepo.

"Mwalimu, nikuulize kitu? Usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu."

"Siku ile sisi wote tulikuwa na 'kataa' midomoni. Mimi yangu ilikuwa hapa." Akagusa mdomo kwa kidole chenye nazi. "Ulipotupa 'ku', nikaimeza. Nikajiambia, Mwalimu ana sababu. Pengine kaona bunduki ambayo sisi hatuioni. Pengine wamemtishia, maskini, mama mtu mzima. Nikamwambia na Kibwana, tungoje, iko siku atatuambia. Tumengoja. Sasa mguu umeshazikwa. Ilikuwa bunduki, Mwalimu? Walikutisha?"

Mwalimu Stumai aliuona uongo umewekwa mbele yake, umeshaanzwa, ulikuwa unangoja tu kumaliziwa. Neno moja. Ndiyo, walinitisha. Siwema angelipokea kwa mikono miwili, angelia naye, na mtaa mzima ungemhurumia mpaka kaburini. Na Siwema alikuwa amemwanzia kwa wema, hakuwa anamtega. Ndilo lililomuumiza zaidi.

"Kiti kilikuwa na mto," akasema.

"Mto?" Siwema akatazama upande wa Kitope. "Mto ndiyo, tulikuwa ukingoni pale—"

"Mto wa kukalia, Siwema. Mwekundu. Nikaona raha. Na akaniambia shule itaitwa jina langu. Basi. Hakukuwa na bunduki, hakuna aliyenitisha. Nilikuwa najua kabisa ni 'ka', nikasema 'ku'."

Mkono wa Siwema ukasimama juu ya kibao. Mwalimu aliomba moyoni apige kelele, amtukane, aite watu, amtupie hata kile kifuu. Alikuwa tayari. Alitamani iwe hivyo.

"Ahaa," akasema Siwema.

Akaendelea kukuna. Alipomaliza akakung'uta kibao, akainuka akaenda ndani kumgeuza mumewe ubavu.

Asubuhi Mwalimu alikuwa barazani jua linapotoka. Hakuwa amelala. Aliufikiria mlango wake, kama aufunge asionekane, kisha akauacha wazi. Siwema akatokea kwenye uchochoro, ndoo ya vitumbua kichwani, kanga ameikunja juu ya magoti tayari kwa maji. Alipofika kwenye michongoma akasimama, kama alivyokuwa akisimama pale tangu ana umri wa miaka saba na mkoba wa mkeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu Stumai alifungua mdomo aitikie marahaba. Haikutoka. Akajaribu tena, koo likakataa. Siwema alingoja kidogo, ndoo kichwani, kisha akashuka mtoni.